Mwezi wa Kungoja Kabla ya Kupandikiza

Wanafunzi wake wa udereva walimbandika jina la Mama Breki. "Breki" halikumsumbua, maana mguu wake haukubanduka kwenye ile breki ya mwalimu. Lililomchoma ni "Mama". Alikuwa na miaka mingi ya ndoa, na hospitali walikuwa wameshampandikiza viinitete, mimba changa zilizotungwa maabara, mara mbili bila kushika. Kilibaki kimoja, kimegandishwa.

"Safari hii nitaukwaruza kidogo ukuta wa ndani wa mji wa mimba, uote upya," daktari alimwambia. "Sikufichi, wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaosema inasaidia, wapo wasioona tofauti."

"Basi tukwaruze leo, tupandikize mwezi huu huu."

"Hapana, mama. Tunakwaruza mwezi huu, hedhi ipite, ndipo tupandikize. Tukikwaruza karibu na kupandikiza, tutaharibu palepale tunapotaka kijishikize."

"Umri unanikimbia, daktari."

"Najua. Ndiyo maana sitaki kukichezea hiki kimoja."

Kazi yenyewe ilikuwa fupi, lakini maumivu yalimkaba mpaka akauma kitambaa cha kichwa. Alipotoka alimkuta mumewe, fundi wa friji, amepiga magoti mapokezini akifungua mashine ya maji baridi ambayo hakuna aliyemwomba aiguse. Naye roho ilikuwa juu juu.

Kungoja ndiko kulikomtoa jasho. Alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alihamisha kabati, akalirudisha. Barabarani alikanyaga breki hata mbele ya kivuli, mpaka mwanafunzi mmoja, mzee aliyestaafu ualimu, akamuuliza, "Mwalimu, nani anaendesha hapa, mimi au wewe?"

Hedhi ilikuja, ikapita. Akaenda kupigwa picha akiwa na furaha ya mtu aliyefika. Daktari aliitazama skrini.

"Ukuta bado mwembamba. Tusogeze mwezi mwingine."

"Na ule mkwaruzo? Si utakuwa umeshapoa?"

"Sijui, mama. Ila sitakukwaruza tena."

Jioni hiyo alimfokea mumewe. "Unarekebisha friji za mji mzima, na mtoto wako yuko ndani ya friji, wewe umekaa tu!"

Mume alijaribu kujizuia, akashindwa, akaangua kicheko. Naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Wakakaa sakafuni wameegemeana, chakula kikiungua jikoni.

Mwezi uliofuata ukuta ulinenepa, kiinitete kikawekwa. Siku ya majibu hakuweza kukaa kitini. Alizunguka korido mpaka mfagiaji akamwomba asimame kidogo, sakafu ikauke.

"Imeshika," daktari alisema.

"Rudia."

"Imeshika, mama."

Hata hivyo hakutulia. Kila alipokwenda msalani alichungulia kama kuna damu, na kila mtoto alipotulia tumboni alimgutusha kwa kunywa maji baridi. Alizaa binti mwenye sauti kali kama honi, alivyosema mumewe.

Siku moja alimuuliza daktari, "Ni ule mkwaruzo, au ni ule mwezi tuliouongeza?"

"Siwezi kuapa kwa lolote," daktari akajibu.

Jibu hilo lilimkera. Alilibishia njia nzima hadi nyumbani, mtoto amelala mgongoni.