Bi Zuhura Alivyowaulizia Wagombea

Mwanangu, kila msimu wa uchaguzi nikikuona umeinamia simu, unalinganisha wagombea kwa vipande vya maneno yao, mawazo yangu hurudi Kings Heath, hapa hapa Birmingham, kwenye jiko la Bi Zuhura, Jumamosi moja ya baridi katika ile miaka ya elfu mbili. Mimi nilikuwa kijana, nafanya kazi ghalani kule Washwood Heath. Shule niliiacha mapema huko Unguja, kwa hiyo kila nilichokijua nilikisoma mwenyewe maktaba, na nilisoma kwa pupa ya mtu aliyechelewa kuanza.

Bi Zuhura alikuwa shoga wa marehemu mama yangu. Siku hiyo alikuwa anakaanga sambusa za watu waliotoa oda, na nyumba nzima inanukia bizari. Mwanawe wa pekee, Nassor, alikwenda Marekani kusoma. Masomo yakaisha, ruhusa ya kukaa ikaisha, yeye akabaki, akawa anapaka rangi nyumba za watu. Akitoka kule asingeruhusiwa kurudi kwa miaka mingi. Asipotoka, hamuoni mama yake. Bi Zuhura mwenyewe aliomba viza ya kwenda kumtembelea, akanyimwa. Basi kila Jumapili walizungumza kwa kadi ya simu, na kila Jumapili mama alimaliza kwa neno lile lile: subiri. Huenda akaja rais atakayewapa makaratasi watu kama yeye, naye ataweza kusafiri kama wenzake.

Jumapili iliyotangulia, Nassor alikuwa amemwambia, "Mama, nirudi Unguja au niendelee kusubiri? Safari hii ntafanya utakavyosema." Jibu lilitakiwa Jumapili ya kesho yake. Ndiyo maana niliitwa.

"Haji, wewe unasoma," aliniambia hata sijavua koti. "Nambie hawa wanaogombea huko. Nani ana huruma?"

Wamarekani walikuwa kwenye mchujo, yaani kila chama kinachagua kwanza mgombea wake mmoja. Hofu ya Bi Zuhura ilikuwa kwa wahafidhina, kwa sababu ndio waliokuwa madarakani na ndio waliokuwa wakizungumza zaidi habari za wageni. Watatu walikuwa mbele. Majina yao hayakumkaa ulimini, akawapa yake: Mtanashati, Mkali na Babu.

Nilikuwa nimeitazama midahalo yao yote, kwa hiyo nilimpangia mmoja baada ya mwingine. Mtanashati alikuwa gavana wa jimbo moja. Alisema kwa sauti ya upole kwamba wageni ni viumbe wa Mungu, na aliyekaa miaka akifanya kazi atafutiwe njia. Mkali naye alikuwa gavana, wa jimbo jingine, na alitaka wote wafungashwe warudishwe kwao. Babu alikuwa amekaa bungeni maisha yake yote, na maneno yake yalikuwa nusu huku, nusu kule.

"Kwa hiyo wetu ni Mtanashati," nikamalizia. "Akipita, Nassor atapona. Mwambie asubiri."

Bi Zuhura akapunguza moto. Akafuta mikono kwa kanga, akaniangalia.

"Haji, dada yako alipoposwa, mama yako alifanya nini?"

"Aliomba muda."

"Muda wa nini?"

"Wa kuuliza."

"Kumuuliza nani? Mposaji?"

Nikacheka. Wewe umezaliwa hapa, mwanangu, huenda hukuliona hilo. Kwetu posa ikija, wazee huipokea kwa heshima, wakashukuru, wakaomba muda. Katika muda huo hawamuulizi kijana kitu. Wanakwenda alikopanga chumba, kwa muuza duka aliyekuwa akimkopesha, na kama aliwahi kuoa, kwa mke aliyeachwa. Dada yangu aliposwa na mtu mwenye maneno matamu mno. Mama alirudi kutoka kuuliza, akafunga mlango, na posa ikaishia hapo.

"Sasa wewe umeniletea posa tatu," akasema Bi Zuhura, "umenisomea vizuri, sauti nzuri, na ushaniozesha! Hujaniulizia hata mmoja. Mposaji atasemaje, mie mgomvi, mie napiga? Hawa wameshika watu mikononi mwao. Waliokuwa mikononi wanasemaje?"

Hakunikaripia kwa sauti. Lakini nilisimama pale na koti langu nikiona jinsi nilivyokaribia kumfungia mtu maisha kwa sababu ya sauti ya upole.

Wakati huo huo akaingia Hodan kuchukua sambusa zake. Alikuwa jirani, Msomali aliyekulia Nairobi, na katika Marekani yote sidhani kulikuwa na jimbo ambalo hakuwa na binamu. Bi Zuhura akamketisha, akamweleza.

"Ai, mama, mimi nimekuja kuchukua sambusa, si kuwa CID," Hodan akasema. Lakini alikuwa tayari ameshika simu.

Kwanza alimpigia binamu aliyekuwa dereva wa lori katika jimbo la Mtanashati. Waliongea Kisomali kwa muda mrefu, Hodan akitikisa kichwa. Alipokata alisema, "Huyo mpole wenu? Yeye ndiye alisaini sheria ya polisi kuuliza watu makaratasi barabarani. Binamu yangu alikuwa anasimamishwa hadi amechoka, na yeye ako na makaratasi yote. Alihama."

Kisha akapiga jimbo la Mkali, kwa mke wa binamu mwingine. Hapo alianza kucheka kabla hata hajakata simu.

"Hii nayo ni maajabu. Anasema huyo Mkali akiwa gavana aliwatetea watoto wasio na makaratasi, wasome chuo kwa karo ya wenyeji. Watu wake mwenyewe wakamkasirikia. Sasa anataka kura zao, ndiyo maana anapiga hizo kelele."

"Na Babu?" akauliza Bi Zuhura.

"Huyo hajawahi kuongoza hata kioski, mama. Nimuulizie wapi?"

Babu nilimchukua mimi. Nilikwenda maktaba ya Selly Oak, nikakaa kwenye kompyuta mpaka wakafunga. Maneno ya binamu niliyahakiki pia, kwa sababu hata jirani anaweza kuwa na chuki yake. Sheria ya Mtanashati niliikuta, na sahihi yake chini. Hotuba za Mkali za zamani nilizikuta, laini kuliko ambavyo yeye mwenyewe angependa zikumbukwe. Babu alikuwa amepiga kura ya ndiyo mara moja na ya hapana mara nyingine, kwa jambo karibu lile lile, kutegemea uchaguzi wake ulikuwa karibu au mbali.

Jumapili nikarudi Kings Heath nikamweleza yote. Mpole wa maneno alikuwa mgumu wa vitendo. Mgumu wa maneno aliwahi kuwa mpole wa vitendo, ila sasa alikuwa amewaahidi watu wengi wenye hasira, na sikuona atarudi vipi nyuma. Wa tatu alikwenda na upepo.

Bi Zuhura akaivuta simu karibu yake.

"Kwa hiyo hapana hata mmoja wa kumkalisha mtoto wangu kwa ajili yake."

"Ninayeweza kukuhakikishia, hapana. Sijui watafanya nini."

"Ahsante, baba. Hilo ndilo nililolitaka."

Simu ilipolia aliishika kwa mikono miwili. Hakumsimulia Nassor habari za wagombea. Alimwambia, "Mwanangu, nimekuwa nikikwambia subiri. Leo siwezi kusema hivyo tena, nimeuliza. Na rudi pia sikulazimishi. Nambie wewe. Umechoka?"

Akaibana simu sikioni, akisikiliza jibu. Kisha nikaona uso wake unabadilika, machozi yakashuka na yeye hayafuti.

"Basi rudi," akasema. "Mie ntakuja Unguja nikupokee. Na uje hivyo hivyo ulivyo, umesikia? Usikae tena kutafuta zawadi za kuja nazo."

Nassor alirudi. Bi Zuhura alikwenda, na alipokuja tena Birmingham aliniambia kwamba mwanawe alikuwa ameota mvi, na kwamba usiku wa kwanza alilala hadi adhuhuri, naye mama akakaa mlangoni kuwazuia wageni wasimwamshe. Nani alishinda mchujo ule hatukulifuatilia sana.

Sasa nikuase, mwanangu. Ukilinganisha viongozi, usiweke maneno ya huyu kwenye mizani pamoja na vitendo vya yule. Maneno kwa maneno, vitendo kwa vitendo, kisha uone wapi vinapishana kwa mtu mmoja. Waulize waliokuwa chini yake, hasa wasio na kura ya kumpa. Ukiambiwa, hakiki. Na ukishahakiki ukakuta bado hujui, sema hujui, bila haya, maana huenda mtu anapanga maisha yake juu ya jibu lako. Wala usimsubirishe umpendaye kwa ahadi ya mtu asiyemjua.

Mungu akuweke, akupe subira ya kuuliza na moyo laini wa kujibu. Na siku watu watakapokujia kutaka ushauri, akukumbushe kwamba aliyekaa mbele yako ni mama wa mtu.