Punje Kubwa za Nzunda

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa stoo kuchukua kikopo cha unga, kidogo kama cha maziwa ya mtoto. Nikakishika kwa mkono mmoja, kikagoma kunyanyuka. Nilidhani wamekigundisha ili wanicheke, mimi binti wa Igamba niliyezoea kujitwisha debe la mahindi! Kumbe unga wa tangsteni, ile metali ngumu, ndivyo ulivyo mzito.

Kiwanda chetu kilikuwa Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori. Tulitengeneza meno ya mashine za kuchoronga miamba. Unga wa tangsteni uliokwisha kuunganishwa na kaboni ulisagwa pamoja na kobalti, ambayo ndiyo gundi yake, ukachekechwa, mimi nikaushindilia kwenye kalibu yenye umbo la jino, kisha ukaingia tanurini. Mkuu wa Tanuri, mzee mkali asiyependa maswali, alinifundisha jambo moja.

"Binti, punje zikiwa ndogo zinashikana. Zikiwa kubwa, ufa unapata njia."

Miaka ikapita. Kwenye chumba cha chekeche akaletwa Kaka Nzunda, mchapakazi wa Mbozi aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Aliambiwa atenge unga mzuri na mbaya, basi. Wiki iliyofuata nilimkuta akifunga mfuko wa unga laini.

"Unaupeleka wapi, kaka?"

"Haya makapi, dada, yamepita chini. Punje zilizobaki juu si ndizo daraja la kwanza?"

Kwenye kahawa, punje inayobaki juu ya chekeche ndiyo ya bei. Kwetu ilitakiwa irudi kinuni ikasagwe tena. Na meno aliyoyachekechea yalikuwa yameshakwenda Mbangala, ambako mume wangu alikuwa akichoronga mwamba wa dhahabu.

Nikampigia simu. Akapokea mwenzake.

"Mama Neema, jino limepasuka. Vipande vimemwingia machoni. Tuko naye zahanati."

Nilipiga yowe hata Mkuu wa Tanuri akaliacha tanuri lake likiwaka.

Sasa nimestaafu, na bado nashangaa: wakubwa wote wale, hakuna aliyemwonyesha mtu wa kahawa unga mzuri ni upi! Hasira hiyo haijaniisha. Nzunda simchukii. Kila msimu hutuletea kahawa aliyoichambua mwenyewe. Mume wangu hutia mkono kwenye mfuko wa kahawa, akaipapasa taratibu, maana ndivyo anavyoona siku hizi.

"Punje kubwa hizi, Nzunda," humwambia. "Nzuri kabisa."

Nzunda hufunika uso kwa mikono, utadhani anaonwa.