Kereng'ende wa Mwera na Cheju

Mie sikwenda shamba kwa kupenda wadudu. Nlikwenda kwa sababu mjukuu wangu Zuhura ni mwari, haachiwi kuzunguka mabondeni peke yake. Mwalimu wake wa kizungu alimwambia: lete aina sita za kereng'ende wembamba, wale wanaofunga mbawa mgongoni wakitua, useme na kila mmoja anakaa wapi, ntakupeleka chuo cha ualimu. Akikosa, baba yake keshampata mchumba Bububu. Mtu mzuri, nasikia. Zuhura hakuuliza uzuri wake.

Saa moja asubuhi tukapanda gari la shamba Darajani, yeye na wavu alioushona kwa chandarua changu, mie na karatasi za kuwafungia wadudu, kama zile za njugu.

Mwera tukateremka mtoni. Kivulini, penye maji yanayotembea, tukampata mmoja wa rangi ya shaba. Juani, kwenye majani ya ukingoni, wawili wengine.

"Bibi, ukisema wanaruka."

Nkanyamaza. Nlinyamaza muda mrefu, nkahesabu mpaka kumi.

Adhuhuri tukafika Cheju, kwenye mpunga. Bi Mize mwenye shamba alikuwa anapalilia.

"Shikamoo, Bi Mize," Zuhura akamwamkia.

"Marahaba. Mmekuja kuvuna nini?"

"Kereng'ende."

"Wachukueni wote, mniachie mpunga."

Kwenye maji yaliyotuama Zuhura akapata watatu: mwekundu, mwenye ncha ya mkia buluu, na wa kahawia. "Sita, bibi," akasema.

Hapo ndipo nlipopaswa kufunga mdomo. Lakini kwenye jani mbele yangu wametua wawili, yule wa buluu kamkamata wa kahawia shingoni kwa ncha ya mkia.

"Huyo si wa sita, mwanangu. Huyo mke wa wa tano."

"Bibi."

"Jirani hamkamati mwenziwe vile."

Bi Mize akainama kutazama. "Mume na mke hao. Kutwa wako hapa, hawana haya. Wewe andika sita tu, mzungu atajuaje?"

Zuhura akakaa kwenye tuta, machozi yanamtoka. Kisha akafuta sita, akaandika tano.

Tukatafuta mpaka alasiri, hatukupata mwengine. Garini hakunisemesha mpaka mjini. Nlizungumza peke yangu.

Jumatatu nkenda naye skuli, maana mdomo ulioharibu ni wangu. Mwalimu akahesabu.

"Nilitaka sita."

Akafungua sanduku lake la kioo, la wadudu waliochomwa pini. Wa buluu na wa kahawia wamo, mbalimbali, kila mmoja na jina lake. Wenzake Zuhura wote wameleta sita. Waliwalinganisha na sanduku tu, hawakukaa matopeni kutazama. Zuhura akaeleza habari ya shingo na mkia. Mwalimu akatazama kitambo, akang'oa pini moja, akamhamisha mke karibu na mumewe. Halafu akaandika jina la Zuhura kwenye karatasi ya chuo.

Nlichojifunza shamba ni hiki: ukitaka kujua kereng'ende nani wa nani, usitazame nguo, kakae matopeni utazame nani kamshika nani. Bububu wanasema mie nimevunja harusi. Sikatai. Lakini wale wawili wa sandukuni nimewarudisha nyumba moja.