Spika Tatu za Shemeji

Redio haikuwa mbovu. Nilijua hivyo mara ya kwanza alipoileta, nikajua tena mara ya pili, na mara ya tatu alipoitua juu ya meza yangu, imeviringishwa kwenye shuka kuukuu, nilitamani kujificha chini ya meza hiyo hiyo. Mimi ni fundi redio. Nimekaa kwenye kibanda changu miaka thelathini na moja, na redio nzima naitambua kabla sijashika bisibisi.

"Shemeji, magitaa yamepotea tena," akasema. "Ngoma nazisikia, besi naisikia. Magitaa na yule binti anayeimba hawapo."

Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu. Ana miaka sitini na sita, na ishirini na minane kati ya hiyo aliimalizia kwenye kiwanda cha nguo, akisimamia mashine nane za kufuma peke yake. Ambaye hajaingia kwenye ukumbi wa kufumia hawezi kujua kelele ni nini. Mle ndani sauti ya mtu haina kazi. Wafumaji husemeshana kwa midomo mitupu, bila kutoa sauti, mmoja huku na mwenzake kule mwisho wa ukumbi, na wanaelewana kila neno. Shemeji alinisimulia kwamba walikuwa wakimsengenya msimamizi mbele ya uso wake kutwa nzima, naye anawatikisia kichwa akidhani wanaimba.

Kiwanda kiligawa vizibo vya masikio. Yeye na wenzake walivitia mfukoni, wakavivaa siku za wageni tu. Uzi ukitaka kukatika, mapigo ya mashine hubadilika kidogo kabla, na mfumaji hodari huyasikia akawahi kuuunga kabla kitambaa hakijaharibika. Kuziba masikio ilikuwa tabia ya wavivu, ndivyo walivyoaminishana. Nikikumbuka jambo hilo sasa natamani kumtukana mtu, ila sijui nimtukane nani.

Kupenda roki kulianzia hapo hapo. Mafundi mitambo wa kiwanda walikuwa na bendi yao, magitaa ya umeme na ngoma za kupasua kifua, na kila Jumamosi alasiri walipiga kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Wasichana wenzake walikaa nyuma karibu na mlango. Yeye alisimama mbele, ubavuni mwa spika. Alisema ndio watu pekee waliowahi kupiga kile kilichokuwa kikimzunguka kichwani baada ya zamu.

Kisha akaolewa na kaka yangu, mtu ambaye saa ya ukutani ilitolewa chumbani kwa sababu ilikuwa inamsemesha. Kanda za roki zikaingia kwenye boksi la viatu, boksi likapanda juu ya kabati, likakaa huko miaka ishirini na sita. Simlaumu kaka. Alikuwa mtu mwema, ila masikio yake yalizeeka kabla ya meno.

Mwaka juzi, kaka akiwa ameshatutoka, binti yao wa mwisho alikuwa anaosha vyombo huku simu yake inaimba dirishani. Huyu binti anafanya kazi kwenye duka la dawa, na hupenda bendi ndogo ndogo za vijana wanaojirekodi vyumbani mwao, wasio na kampuni nyuma yao. Yeye huziita indi. Wimbo wenyewe aliimba msichana, kwa sauti ya chini, kana kwamba anaogopa kumwamsha mtu wa chumba cha pili. Halafu magitaa yakaingia yote kwa pamoja. Mama akatoka uani alikokuwa anafua, mikono yenye povu, akaitwaa simu, akaibandika sikioni. Aliurudia wimbo ule mara nne. Kesho yake alipanda kwenye kiti akateremsha boksi.

Mimi ndiye niliyempa redio: ya kaseti, yenye tundu la flashi pia, ili kanda zake na nyimbo za binti zikae nyumba moja. Nilipomkuta anapiga pasi huku anatikisa mabega, nikamwambia kweli ng'ombe hazeeki maini. Akanijibu kwamba ya kwangu yalizeeka nikiwa na miaka thelathini, na ushahidi anao. Majirani wakaanza kumwita Bibi Roki. Jina lilimpendeza kuliko alivyokubali kuonyesha.

Basi, mara ya kwanza alipokuja na malalamiko nilibadilisha spika, kumridhisha tu. Mara ya pili nikabadilisha tena, nikaweka kubwa zaidi. Mara ya tatu niliwasha redio mbele yake, na magitaa yalikuwepo yote, hata lile jembamba la nyuma ambalo mwenyewe alikuwa amenifundisha kulisikiliza. Nikamwambia, si haya hapa? Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia fundi aliyeshindwa kazi na hataki kukiri.

Hapo nikaelewa. Redio ilikuwa inatoa kila kitu. Masikio ndiyo yaliyokuwa yanapokea nusu, na ile nusu ya juu, ya nyuzi kali na sauti za wasichana, ilikuwa imebaki kwenye ukumbi wa kufumia. Na kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyegundua? Kwa sababu alikuwa anatusoma midomo. Miaka yote tuliongea naye uso kwa uso, akajibu sawasawa, na yeye mwenyewe aliamini kwamba anatusikia. Muziki ndio uliomuumbua, maana gitaa halina midomo.

Ningemwambia siku ile. Yalikuwa maneno matatu tu, na mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini alikuwa ameshika shuka lake, anasubiri, na furaha ile alikuwa ameipata ukubwani baada ya kuinyima nafasi maisha yake yote. Sikuwa na moyo wa kumnyang'anya. Fundi amezoea kubeba lawama za vyombo. Nikasema spika imechoka, aniachie wiki moja.

Wiki ile nilifanya kazi kuliko nilivyofanya mwaka mzima. Nilichukua hedifoni nzito za kufunika masikio, nikatengeneza amplifaya ndogo ndani ya kopo la mafuta ya nywele, nikaipunguzia besi na kuipandisha sauti kali hadi ikawa kama sindano. Nilipoijaribu mwenyewe niliivua haraka, machozi yananitoka. Siku alipoivaa yeye, alinishika mkono.

"Huyu hapa," akasema. "Huyu hapa binti."

Nitasema kweli: sijawahi kujivunia kazi kama siku ile. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikamwambia mke wangu kwamba wako mafundi na wako mafundi.

Alifurahi miezi mitano. Aliimba akimenya viazi, kwa sauti iliyokwenda upande, na binti yake akaizoea. Mwezi wa pili aliniomba niongeze kidogo, nikaongeza. Mwezi wa nne akaomba tena. Nilijua kelele ndiyo iliyomharibu masikio, nilijua vizuri sana, lakini nilijiambia kwamba muziki si kelele. Mtu mzima, fundi wa sauti, nikajiambia hivyo na nikajiamini.

Siku moja binti alimwita kutoka nyuma kwa sauti yote aliyonayo, jiko la mafuta likiwa linamwaga moshi mgongoni mwa mama, na mama hakugeuka. Wakaenda hospitali. Daktari wa masikio akawachorea mstari wa usikivu wake, unaoshuka. Akasema kilichopotea hakirudi, na vile vifaa vya kusaidia masikio vitamrudishia maneno ya watu kidogo, ila muziki wasiutegemee. Kisha akauliza mgonjwa anasikilizia nini, na mama akamweleza kwa fahari juu ya shemeji yake fundi.

Binti alinijia kibandani akiwa bado amevaa koti la kazini. Hakunipigia kelele, na heri angenipigia.

"Baba mdogo, ulijua lini?"

Nikamwambia, tangu spika ya tatu.

Akasema daktari ametaka kile kitu kitolewe leo, kilichobaki kitunzwe, na kwamba yeye amemweleza mama asubuhi nzima na mama anakataa kuelewa. Anasema masikio yake ni mazima, mbona anawasikia wote? Niende mimi, maana mimi ndiye anayeniamini. Neno hilo la mwisho hakulisema kwa ubaya, ndiyo maana liliniingia.

Nilimkuta shemeji amekaa sebuleni, redio iko mezani, hedifoni shingoni. Nilimweleza yote, polepole, nikimtazama. Akanisikiliza kwa heshima, akatabasamu.

"Wewe na daktari mmekubaliana," akasema. "Ningekuwa sina masikio, haya unayosema yananifikiaje?"

Sikuwa na njia nyingine. Nikaweka kiganja mbele ya mdomo wangu, nikazungumza kwa sauti ile ile ya kawaida. Nilimwambia kwamba nilijua tangu spika ya tatu, kwamba nilimdanganya kwa sababu niliona uso wake, na kwamba kopo lile la mafuta ya nywele ndilo lililommalizia. Nilimwomba anisamehe. Niliyasema yote, neno kwa neno, umbali wa hatua mbili kutoka alipokaa.

Alisubiri. Macho yake yalikuwa kwenye kiganja changu. Tabasamu likaanza kuondoka taratibu, na akaonekana mzee kuliko nilivyowahi kumwona.

"Umesema nini?" akauliza.

Nikashusha mkono. Nilijaribu kuyarudia, Mungu ni shahidi wangu, lakini hayakutoka mara ya pili. Nikamwambia nimesema kwamba inabidi nilitoe kopo. Akavua hedifoni shingoni, akanipa mwenyewe bila ubishi, na hilo lilinishinda kuliko kama angenipiga nayo.

Niliipakata redio, mgongo wake ukielekea juu. Nikaukata waya wa amplifaya, nikaunganisha ule wa kawaida, nikafunga skrubu moja baada ya nyingine. Zilikuwa nne, na niliona zilikuwa chache mno. Yeye alikaa akinitazama vidole. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akasema hata kama ni ndogo si neno, atakaa nayo sauti hiyo hiyo ndogo, bora asimkose yule binti kabisa. Heri nusu shari kuliko shari kamili, akasema, na alijaribu kucheka.

Akavaa hedifoni, akairekebisha vizuri juu ya nywele, akaweka mikono mapajani. Nikachomeka flashi, nikautafuta wimbo wake, nikabonyeza. Binti akaanza kuimba kwa sauti yake ile ya chini, halafu magitaa yakaingia yote kwa pamoja, yakivuja pembeni mwa hedifoni hadi pale nilipokaa.

Shemeji aliendelea kunitazama, ametulia, mvumilivu.

"Shemeji," akasema, "umeshawasha?"

"Bado," nikamwambia.