Ndege Wekundu wa Babu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni haya kulisema. Ngumi yangu ya kwanza maishani niliirusha kwa sababu ya ndege ambao sikuwa hata nimewaona. Mwenzangu mmoja pale Ruangwa, tukitoka kisimani, alisema babu yangu mzaa mama ni mwongo. Nikampiga. Na yeye akanipiga, tena vizuri zaidi, nikarudi nyumbani mdomo umevimba. Babu alicheka mpaka akashika mbavu.

Uongo wenyewe ulikuwa huu. Katika vita vya Mjerumani, Babu akiwa kijana, alikamatwa kubebeshwa mizigo ya askari mpaka pwani, pale Mtwara, enzi hizo hakuna gati wala nini, tope na mikoko tu. Huko, msimu wa joto kabla mvua hazijaanza, aliona ndege. "Warefu mpaka hapa," akawa anajigusa kifuani. "Wekundu-wekundu, rangi ya nyama ya pera. Wengi, wamejaa ghuba nzima. Na wanakula vichwa wamevipindua, juu kuwa chini!" Hapo ndipo watu walipoangua kicheko. Warefu sawa, wekundu sawa, lakini wanakula kichwa juu chini? Toka hapa!

Aliyecheka kuwashinda wote alikuwa Bibi, mkewe. Mtani wetu mmoja wa Kiyao, jirani, alikuwa akija kwenye pombe, kwenye msiba, kwenye unyago, popote penye watu, na lazima amchokoze Babu: "Mzee, wale ndege wako bado wamesimama kwa vichwa?" Bibi naye anadakia: "Wameshachoka, sasa wamelala chali!" Watu hoi. Babu alikuwa anacheka nao, lakini mimi nilikuwa namtazama. Kicheko chake kilikuwa kinakatika mapema kuliko cha wenzake.

Nilipokua nikapata kazi ya reli Nachingwea, kufunga na kufungua mabehewa. Siku hizo lile shamba kubwa la karanga la Wazungu lilikuwa limeshakufa, matrekta yanaota kutu, lakini treni ilikuwa bado inateremka Mtwara kwenye bandari mpya. Nikienda nyumbani Ruangwa nilikuwa namkuta Babu anapapasa. Mtoto wa jicho. Kwanza jicho moja, kisha la pili. Mwaka mmoja, msimu wa korosho, nilimkuta anaulizia kikombe kilicho mbele yake.

"Twende hospitali," nikamwambia.

"Hospitali baadaye. Kwanza nataka bibi yako akaone wale ndege," alisema. "Nikishakuwa kipofu kabisa, nani atampeleka? Nitakufa mtu wa kuchekwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Wengine wacheke, shauri yao. Lakini yeye!"

Jamani, maneno yale yaliniingia. Nikaomba likizo siku hiyohiyo niliporudi kazini. Mfanyakazi wa reli alikuwa anapewa pasi ya kusafiri yeye na watu wake, na watu wangu walikuwa hao wawili.

Kumtoa Bibi nyumbani ndiyo ilikuwa kazi. Yeye ndege alikuwa anawajua kwa shari tu. Mtama ukianza kukomaa alihamia shambani, akapanda juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti, na kombeo lake na kikapu cha madongo, akawa anawaamia ndege, anawafukuza, kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Sauti yake, "Hoyaaa!", ilikuwa inafika ng'ambo ya bonde. Hata akiwa uani anatwanga, shomoro akitua kwenye ungo, mikono ilikuwa inapiga makofi kabla hajafikiri. Sasa mtu wa namna hiyo unamwambia mpande treni mkatazame ndege!

"Ndege?" aliniambia, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. "Mume wangu, umerogwa? Watu wanasafiri kwenda kwenye harusi, wanasafiri kwenda kwenye msiba. Ndege?"

"Mke wangu, kuna chumvi kule, na papa wakavu," nikambembeleza.

"Hapo sasa umesema," akajibu, akaenda kutafuta khanga yake nzuri.

Ee bwana, ile safari! Bibi hakuwa amewahi kupanda treni. Ilipopiga honi pale stesheni ya Nachingwea alinikamata shingo nusura aninyonge. Baadaye kidogo alikuwa ametoa kichwa dirishani, anawapungia watu wa mashamba yote kama mke wa liwali, huku Babu akimuuliza, "Tumefika wapi? Unaona nini?" na yeye akimjibu kila kitu, mnazi kwa mnazi, mpaka niliposikia harufu ya chumvi. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kuomba kazi. Itakuwaje wasipokuwepo?

Tulifikia kwa rafiki yangu, Mmakonde aliyekuwa kuli wa gatini, mtu mcheshi mwenye mabega mapana. Nikamvuta pembeni nikamuuliza. Akajikuna. "Wapo ndege wengi miezi hii, wanakuja na joto, wanaondoka masika yakikolea. Hao wekundu miaka mingine wanakuja, miaka mingine hawaji. Tutafute."

Jioni ileile tukateremka ufukweni, upande wa pili wa gati. Meli ilikuwa imefunga, winchi zinalia, na chini yake maji yalikuwa yamekupwa, tope linameta. Yarabi! Sikujua dunia ina ndege wa namna ile. Vitwitwi wadogo, mamia, wanakimbia ukingoni mwa maji, wimbi likija wanarudi, likirudi wanalifuata, miguu haionekani. Sululu wenye midomo mirefu iliyopinda wanachoma tope na kuchomoa kaa. Shakwe wanagombana juu ya takataka za meli, na makelele yao yanazidi ya makuli. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Bibi alisimama, mikono kiunoni. Halafu akaanza, maana jicho la mtu wa dungu si mchezo: "Yule mdogo ana kola nyeusi, wenzake hawana. Hawa wawili wamechoka, wametoka mbali, tazama wanavyosimama. Na yule pale mguu mmoja mbovu. Mume wangu, hawa wanakula mtama?"

"Hawali, Bibi. Wanakula vidudu vya topeni."

"Basi sina ugomvi nao," akasema, akakaa chini kabisa kutazama. Alikuwa ameshanogewa, ingawa ungemwambia hivyo angekuruka.

Lakini wekundu hawakuwepo. Babu alikuwa ameshika bega langu, uso ameuelekeza majini, anauliza kila mara, "Hamjaona?" Nikawa namjibu bado. Bibi hakumcheka, na hilo lilimuuma zaidi, nililiona. Tuliporudi Babu hakula vizuri. Alisema, "Labda kweli nilikuwa na homa siku ile. Vita ile ilikuwa na homa nyingi." Nilitaka kupiga mtu, na hakukuwa na wa kumpiga.

Asubuhi yule rafiki yangu alikuja anakimbia, kapu la kazini bado begani. Wavuvi wamewaona! Nyuma ya mikoko, kwenye kijighuba kinachokauka maji yakipwa. Tukatoka bila chai. Tulipita kwenye tope linalofika magotini, kaa wanakimbia huku na huku, Bibi amefunga khanga juu ya magoti anatukana tope lote la Mtwara, Babu mgongoni kwangu kwa sababu nilichoka kumsubiri apapase. Alikuwa mwepesi. Nilikuwa nasikia moyo wake unadunda mgongoni mwangu, au labda ulikuwa wangu.

Tukatokeza nje ya mikoko.

Walikuwepo! Jamani, walikuwepo! Ghuba nzima, toka huku mpaka kule, wamesimama juu ya miguu mirefu myembamba, shingo zimepinda, na ndiyo, ndiyo, vichwa wamevipindua juu kuwa chini wanachuja tope! Rangi ileile, nyama ya pera. Nilitaka kupiga kelele nikajiziba mdomo. Machozi yalinitoka. Nikawakumbuka wote waliocheka, mmoja mmoja, na yule aliyenivimbisha mdomo nikamkumbuka wa kwanza.

"Wapo?" Babu alininong'oneza sikioni. "Wapo?"

"Wapo, Babu. Wengi. Tazama, mbele yako."

Nikamteremsha. Akatazama. Jua lilikuwa linatupiga usoni, maji yanang'aa, na nikaona macho yake yanahangaika bila kukamata kitu. "Naona weupe," akasema. "Weupe mtupu." "Basi si neno. Mwambie bibi yako atazame. Anatazama?"

Bibi alikuwa ametoa macho, mdomo wazi. Kisha ndege wale wakaanza kutembea, wote kwa pamoja, kundi zima linatujia taratibu, vichwa chini, wanakula wanakuja, wanakula wanakuja. Nikaona mabega ya Bibi yanakakamaa. Nikajua. Nikanyoosha mkono kumzuia, nikachelewa.

"Hoyaaa! Hoyaaa! Tokeni! Hoyaaa!"

Na makofi. Na donge la tope, tena kwa shabaha nzuri sana.

Lo! Ghuba ikapasuka. Ndege wote wakaruka kwa mpigo mmoja, maji yanarushwa, kelele tupu, wakapita juu ya vichwa vyetu chini kabisa. Nilipandwa na hasira nikaona giza. Miaka yote ile, likizo, tope, mgongo wangu, na yeye anawaamia kama tetere! Nikamgeukia nimfokee, bibi au si bibi.

"Ninaona!"

Alikuwa Babu. Alikuwa ameinua uso juu, mikono yote miwili hewani. Wakiwa wamesimama, rangi yao ni hafifu, lakini wakikunjua mabawa, chini yake ni wekundu wa damu na weusi wa makaa, na wekundu ule ulikuwa unapita juu yake karibu kabisa, kundi juu ya kundi, kati yake na jua. "Ninaona nyekundu! Inapita! Mama wee, ninaona, inapita, bado inapita!" Alikuwa anazunguka palepale akiifuata, akaanguka kwenye tope, akaendelea kutazama akiwa chali.

Bibi alimwendea, akakaa naye topeni na khanga yake nzuri. "Toba," alikuwa anasema. "Mzee wangu, toba. Toba." Kisha akaanza kucheka, na Babu akacheka, na yule rafiki yangu akanitazama mimi, maana nilikuwa nalia kwa sauti kabisa. Nilijaa furaha nikakosa pa kuiweka. Bibi aliokota unyoya mmoja uliobaki juu ya tope, akaufunga kwenye pindo la khanga.

Turudi Ruangwa sasa. Bibi hakungoja hata kutua mzigo. Majirani walipokuja kutupokea na kuulizia chumvi, yeye alishaanza: warefu mpaka hapa, wekundu, wamejaa ghuba nzima! Wote kimya, wanamsikiliza, maana Bibi hakuwa mtu wa porojo. Akafika kwenye kula. "Na vichwa," akasema, "wanavipindua hivi, juu kuwa chini."

Mtu mmoja akaguna. Halafu kicheko kikalipuka uani kote.

"Haya!" mtani wetu akapiga paja. "Mzee amemwambukiza! Mmemlisha nini huko pwani?"

Bibi akafungua pindo, akautoa unyoya. Ukapita mkono kwa mkono. Mtani akaunusa, akauinua juani, akatikisa kichwa kwa huruma. "Bibi weye. Huu ni wa bata. Mmeupaka rangi dukani kwa Mhindi."

Nilikunja ngumi, lakini Babu alinishika mkono, sijui alijuaje. Bibi alisimama katikati yao. Alimwita kila mmoja jina lake, akawaapia kwa wazazi wake waliokufa, akawaambia waniulize mimi. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Mwishowe walichukua chumvi zao, wakaondoka wakiigiza kula vichwa chini, hata wake za watu, watu wazima kabisa, njia nzima.

Uani tukabaki watatu. Bibi alikaa kwenye kinu, khanga ameibana mdomoni. Sikuwahi kumwona analia kwa hasira kabla ya siku hiyo. Babu alikuwa kwenye mkeka, uso umetulia.

"Wanasema mimi mwongo," Bibi akasema.

"Nimewasikia," Babu akajibu.

Bibi akateremka, akaenda kukaa kwenye mkeka, bega kwa bega naye. "Mzee wangu," akamuuliza, "uliwezaje? Miaka yote hii, na mimi nikiwa mmoja wao?"

Babu alipapasa mpaka akaupata mkono wake.

"Utazoea," akamwambia. "Kwanza wewe una nafuu. Sasa tuko wawili."