Dirisha la Duara kwenye Nyumba ya Pamba

Dereva Olweny alikuwa na ugonjwa uliochekwa na kambi nzima ya polisi, upande ule wa Kibuli. Jumapili wenzake wakienda kwenye pombe, yeye alikwenda kutazama nyumba kuukuu. Si nyumba zenye mabinti, la! Nyumba tupu. Alikwishaona ngome za wakoloni, bustani za Entebbe na miti yake yenye vibao vya majina, na makaburi ya wafalme, alikovua viatu akakaa chini kwa adabu kama bibi harusi. Kila alikotoka alisimulia mpaka watu wakajifanya wamesinzia. Shule aliiacha darasa la nne, lakini umweke mbele ya ukuta mzee, atakutajia mwashi, mwaka, na jina la mbwa wa mwenye nyumba. Nusu ya hayo alibuni. Nusu nyingine ilikuwa kweli tupu, na msibishe.

Nyumba moja hakuwahi kuifikia, nayo ndiyo iliyomwambukiza. Ilikuwa mbele ya Mukono, juu ya kilima, imejengwa na Mzungu mnunuzi wa pamba. Baba yake Olweny, marehemu Odur, alikuwa fundi mwashi pale ujanani. Aliporudi kwao Lira akasimulia kwamba amejenga dirisha la duara, kubwa kama ungo, ndani ya nyumba, pale ngazi inapoishia. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Dirisha la duara! Wakambandika jina, Odur Ungo, na jina hilo likamfuata hadi kaburini.

Mkewe, Rosalba, hakucheka. Lakini hakuwahi kuliona. Na sasa, mwaka ule wa sabini na nne, jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kuzima, la kushoto linaingia ukungu.

"Nipeleke nilione kabla macho hayajafunga kabisa," alimwambia mwanawe. "Nikikutana na baba yako huko, nitamwambia nini? Kwamba hata mimi sikujua kama alisema kweli?"

Petroli ilikuwa adimu kuliko nyama. Lakini Jumapili moja Olweny alitumwa kwa lori la kambi kuchukua kuni Mukono, na mkubwa wake akamruhusu kumpandisha mama. Mama Kavugho, Mkongomani muuza vitenge wa Namuwongo, shoga wa Rosalba, akapanda pia, kwa kuwa hakuna safari iliyowahi kumpita. Kazini ni kazini, kwa hiyo Olweny alivaa kaki iliyopigwa pasi na buti zilizong'aa.

"Weye Olweny," Kavugho akamchokoza njiani, "umejipaka mafuta hivyo, unakwenda kuoa nyumba?"

"Leo utaona kitu ambacho Kongo nzima hakuna."

"Dirisha la duara? Kwetu Beni hata kuku wanalo!"

Rosalba akacheka, mkono mmoja juu ya jicho lake jema, kama anayelilinda lisimwagike.

Walipokaribia kilele walisikia nyimbo. Kwaya ya kanisa fulani ilikuwa imekuja kupunga upepo bustanini, na harufu ya matoke ilifika barabarani. Olweny akafurahi. Watu! Wa kumsikiliza! Akaingiza lori mpaka mbele ya baraza, akaruka chini, akapaza sauti kama walivyozoea kuitana kambini, kwa Kiswahili kilekile cha kambini:

"Hodi! Mwenye nyumba iko wapi? Toka nje!"

Pale kambini, hayo ni maamkizi. Jirani akikuita hivyo unatoka na kikombe cha chai. Lakini huku kilimani, mwaka ule, askari waliokuja kuchukua watu wasionekane tena walikuja hivyohivyo: lori, kaki, na Kiswahili, lugha ya jeshi.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Olweny alipozunguka pembe ya nyumba, bustani ilikuwa tupu. Matoke yalifuka moshi kwenye majani yake. Ngoma ilikuwa bado inabingirika kwenye nyasi. Kiatu kimoja cha mwanamke kilisimama peke yake njiani, na mashamba ya kahawa yalitikisika pande zote.

"Mbona wamenyamaza?" aliuliza Rosalba toka ndani ya lori. "Walikuwa wanaimba vizuri."

Olweny alikitazama kile kiatu kimoja. Hasira ilimpanda kutoka kwenye buti. Yeye! Yeye ambaye hajawahi kumpiga hata mlevi! Yeye ambaye kaka yake mwenyewe, Ojok, alichukuliwa na lori la namna hiyo na hakuna aliyethubutu kuuliza! Akauendea mlango, ukawa umefungwa. Akaupiga buti, ubao ukalia.

"Mama anataka kuona dirisha!" alinguruma. "Dirisha tu! Nani amewaambia mimi ni mnyama?"

"Rudisha mguu huo," Rosalba akasema. Alikuwa ameshuka, ameshikwa mkono na Kavugho. "Baba yako aliijenga, wewe uivunje? Ukivunja, siingii. Bora nife sijaona."

Mguu ukarudi. Hasira haikurudi.

Kavugho ndiye aliyejua Luganda ya sokoni, lugha ya wenyeji. Akageukia kahawa, akaita polepole: "Ssebo, bwana, sisi ni wageni! Ni kikongwe tu, amekuja kutazama!" Akarudia, akarudia, mpaka majani yakaachana, akatoka mzee mtunza nyumba, mikono juu, ufunguo ukining'inia kidoleni. Hakuwatazama wanawake. Alikwenda moja kwa moja kwa Olweny, akapiga magoti.

"Afande, nyumba ni yako. Chukua. Mimi sijaona kitu."

"Inuka, muzee! Inuka!" Olweny alipaza sauti, na kadiri alivyopaza ndivyo mzee alivyozidi kujikunja, kichwa kikigusa nyasi.

"Olweny," mama yake akasema, "nenda ukakae kwenye lori."

"Mama, mimi ndiye niliye..."

"Nenda. Ukiwa hapa, hawezi kutia ufunguo kwenye tundu."

Akaenda. Mjuzi wa nyumba zote kuukuu za Uganda alikaa nyuma ya usukani juani, akitazama wengine wakiingia. Alisikia ngazi ikilia. Kisha sauti ya mama yake, kali, yenye furaha ya mtu aliyeshinda ugomvi:

"Ni duara! Nimezungusha mkono mzima, halina kona! Odur, baba, ni duara!" Na Kavugho akipiga vigelegele, na mzee naye, taratibu, akieleza mahali jua linapopenya.

Walipotoka, Rosalba alikuwa na vumbi la chokaa hadi kwenye viwiko na hakutaka lipanguswe. "Sasa kaone wewe," alimwambia.

Olweny akafungua mlango wa lori, akateremsha buti moja. Mzee alikuwa amesimama barazani, akitabasamu bado. Tabasamu likaanguka. Akainua tena mikono juu, ufunguo kidoleni.

Olweny akapandisha buti, akafunga mlango.

"Huendi?" akauliza Kavugho, na safari hii bila mzaha.

"Waache watoke, wale chakula chao," alisema, na akaugonga usukani kwa ngumi mpaka honi ikalia yenyewe, na kule kahawani waliokuwa wameanza kuchungulia wakalala chini tena.