Maji Yaliyofuata Magurudumu Yangu

Nilipokuwa darasa la tatu mwalimu alituambia tuchore ng'ombe. Mimi nikachora wa miguu mitano. Alinichapa hadi fimbo ikapasuka, akaniambia nifute mguu mmoja, nikakataa. Ng'ombe huyo nilikuwa nimemwona kwa macho yangu kwa mjomba, kule Karusandara, na mguu wa tano ulining'inia begani kama mkono wa shati tupu. Basi shule ikaishia hapo. Nikabeba mawe ya barabara, nikawa utingo wa malori ya pamba, halafu dereva, na udereva ndio umenizeesha. Maandishi yangu ni ya kukwaruza, lakini nikikwambia nimeona, nimeona.

Haya yalinipata msimu wa kahawa uliopita, saa kumi alasiri. Watu husema mambo haya hutokea usiku tu. Nani aliwaambia?

Tajiri wangu alikuwa Bwambale, mnunuzi wa kahawa wa Bwera. Ana pikapu ya milimani, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, na kazi yangu ilikuwa kupanda nayo Kyondo, juu mlimani, kuchukua magunia. Njia ya kule waliichimba wazee kwa majembe, kila nyumba kipande chake. Inazunguka mlima polepole, kona baada ya kona, na kila kona ina mtaro wa kutoa maji. Mvua ikinyesha, kona zinakuwa uji. Sasa nani ana subira? Siku moja niliacha njia, nikafunga minyororo kwenye matairi, nikapanda moja kwa moja kwenye nyasi. Nilifika juu nikipiga honi. Ndiyo, mimi ndiye nilianza, sitakudanganya. Wiki ileile madereva wengine wakafuata alama zangu. Nyasi zikaisha, udongo ukabaki uchi, na baada ya mvua mbili tu alama zile zikawa korongo la kufika magotini.

Chini ya mteremko ule kuna nyumba ya mjane mmoja, Biira. Alinisimamisha barabarani ameshika ndoo ya matope.

"Mzee, maji yako imelala kwangu jikoni."

"Mvua ni ya Mungu, mama."

"Ya Mungu inatoka juu. Hii inatoka kwa mipira ya gari yako. Ukuta imeanza kuinama. Ikianguka nakuja kulala kwako, na bibi yako atajua kulia."

Nilicheka. Bwambale, aliyekuwa kando yangu, alicheka zaidi. Niamini, kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Siku yenyewe tulikuwa wawili, gari tupu. Ukungu ulishuka ghafla, kama kawaida ya kule. Tulipofika mahali pa kuacha njia tukamkuta mzee amesimama, jembe begani, matope mpaka magotini. Alitusalimia kwa Lhukonzo, lugha yetu ya mlimani, ile ya zamani ya bibi zetu.

"Unaitwa nani, mzee?" Bwambale akauliza.

"Baluku."

"Eh! Kila mutoto wa kwanza huku ni Baluku. Wewe Baluku ya wapi?"

"Ya hapa."

"Haya, panda nyuma, twende."

Alipopanda, gari lilikaa chini. Springi zililia kama nimepakia magunia thelathini, na mzee mwenyewe mwembamba kama mpini wake. Nikaona ni uzee wa gari. Nikageuza usukani kuelekea nyasi za kando ya korongo. Tulipanda kidogo tu, magurudumu yakaanza kuzunguka bure, yanarusha matope, na gari likaanza kurudi nyuma lenyewe. Breki nimekanyaga mpaka mwisho! Kwenye kioo niliona paa la Biira, moshi unapenya kwenye bati. Alikuwa ndani anapika. Umewahi kuona nyumba ya mtu inakujia kwa nyuma na huna la kufanya?

Paa la gari likagongwa juu ya kichwa changu. "Rudi kwa njia," sauti ikasema, bila haraka.

Nikakata usukani tukiwa tunateleza vilevile. Matairi yakadaka njia ya wazee, na palepale gari likawa jepesi. Hapo ningeshukuru Mungu nikazunguka kona zangu. Lakini tajiri ni tajiri.

"Kumbe unaogopa nyasi?" Bwambale akasema. "Piga tena!"

Nikapiga tena. Safari hii gari lilikuwa zito kuliko mwanzo, likateleza kwa kasi. Nikatoa kichwa dirishani: "Biira! Toka! Toka nje!" Ukungu ukameza sauti yangu. Kisha gari likasimama, tuu, kama limegonga mwamba. Nikatazama kioo. Yule mzee hakuwa tena nyuma ya gari. Alikuwa chini, ndani ya korongo, kiganja kimoja amekiweka kwenye mlango wa nyuma. Kiganja kimoja! Mkono wa pili ulishika jembe.

Nikashuka, nikakingia magurudumu mawe. Mzee hakunitazama mimi, alitazama korongo.

"Nani alifungua hii?"

"Mimi."

"Funga."

Tukaanza kukusanya mawe na kuyapanga kukingamisha korongo, vikuta vidogo vya kuzuia maji. Mimi nilipanga vitatu, kucha zikatoka damu. Yeye alikuwa juu yangu, ndani ya ukungu, nasikia jembe tu. Bwambale alibaki kwenye gari akisali kwa sauti. Baadaye jembe likanyamaza. Ukungu ulipoinuka, vikuta vilikuwa vimepanda kutoka jikoni kwa Biira mpaka kileleni, kazi ya kijiji kizima, na kwenye matope yote yale nyayo zilikuwa zangu peke yangu. Muulize Bwambale. Siku hizi anasema nilikuwa nimelewa, lakini ni yeye aliyemwambia mtu yule apande.

Ukuta wa Biira bado umesimama. Mimi, mguu wangu wa breki hufa ganzi kila nikiona alama za magurudumu kwenye nyasi. Hospitali wameupima, wanasema hauna kitu.

Wewe unayekuja na gari refu la milimani kucheza matope huku kwetu, sikia. Njia ikiwa uji, ngoja ikauke, au shuka uende kwa miguu. Kona ipite kama kona. Nyasi unazokanyaga ndizo zinazoshika mlima, na maji hufuata ulikopita wewe, na huko chini kuna mtu anapika. Na ukihisi gari limekuwa zito bila mzigo, nakuomba, usikanyage mafuta.

Wiki iliyofuata baada ya siku ile tulifika tena mahali pale, mvua inanyesha, magunia yanatungoja juu. Bwambale akatazama vikuta, akatazama saa yake.

"Shuka, toa hayo mawe, tukate moja kwa moja."

Nikavuta breki ya mkono. Ufunguo nikauacha palepale, nikashuka, nikaanza kuteremka kwa njia ya wazee. Bwambale hajui kuendesha. Alipiga honi, akaita, "Mzee! We mzee!" akapiga honi tena. Nilipita kwa Biira, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akaniuliza gari liko wapi. Nikaendelea kutembea kwenye mvua, na kwenye usukani ule sijarudi.